Aliyekwenda Badala ya Kanali

Huku Kentucky, katika kaunti yetu ya Larkin, mwanamume akiwa na ekari nyingi, ndevu nzuri na sauti ya kuamrisha, watu humwita kanali. Si lazima awe amewahi kushika bunduki. Tabia hii ilinigharimu, na mpaka leo inanichefua.

Mimi ni Delphine Tandy, karani mstaafu wa posta. Mwenyekiti wa Chama cha Historia cha kaunti anaitwa Wendell Tandy. Yeye mzungu, mimi mweusi, jina letu moja, na sote tunajua lilivyotufikia. Yeye huniita Delphine. Mimi humwita Bwana Wendell, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, na mdomo umezoea hata moyo ukikataa.

Chama kiliamua kusimamisha jiwe jipya mbele ya mahakama, lichongwe majina ya watu wote wa Larkin waliopigana vita vya wenyewe kwa wenyewe, wa Kaskazini na wa Kusini, kwa mpangilio wa alifabeti. Sharti likawa moja: kila jina liwe na karatasi ya serikali. Shangazi yangu Ozella alikuwa na miaka tisini na tatu, figo zimechoka, na daktari alishaacha kutupa tarehe za kurudi kliniki. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, kuliona jina la Primus, babu wa baba yake, kwenye jiwe hilo. Nyumbani kwetu ilisemwa siku zote kwamba Primus alikwenda vitani akiwa mtumwa na hakurudi. Ilisemwa tu. Hatukuwa na kaburi, picha wala barua.

Nikatafuta. Nilipitia madaftari ya vikosi kumi na vinne vya askari weusi wa miguu, jina kwa jina, hadi nikabadilishiwa miwani mara mbili. Kumbe nilikuwa napoteza wakati, maana Primus hakuwa askari wa miguu. Alikuwa wa farasi. Jalada lake lilifika kutoka Washington mwezi wa tatu, nikalifungua kwenye meza ya jikoni kwa kisu cha siagi.

Karatasi ya kuandikishwa ilikuwa moja. Primus Tandy, miaka kumi na tisa, kikosi cha farasi cha weusi. Mahali pa sahihi ameweka alama ya msalaba. Chini yake karani wa jeshi ameandika kwamba mtu huyu anaingia jeshini badala ya bwana wake, Lucian Tandy, ambaye jina lake lilitoka katika kura ya kuitwa vitani upande wa Kaskazini. Primus alifia Texas kwa kuhara, miezi mitatu baada ya vita kwisha.

Nyuma ya jalada kulikuwa na maombi ya pensheni ya mjane wake, Keziah, aliyeachwa na mimba. Maombi yalikataliwa kwa kukosa uthibitisho wa ndoa. Shahidi aliyeapishwa alikuwa Lucian. "Nimewafahamu wote wawili tangu utotoni," alisema. "Sijui habari ya ndoa yoyote kati yao." Sahihi yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyesomeshwa. Nilimtukana kwa sauti, peke yangu jikoni, matusi ambayo marehemu mama hakujua kama nayajua.

Lucian huyo ndiye Kanali Lucian, ambaye picha yake imetundikwa ofisini kwa Chama, babu wa babu yake Wendell. Wanasema aliongoza wapanda farasi wa Kusini. Mimi nimesoma vikosi vya pande zote mbili. Hayumo hata kimoja, ila kwenye orodha ya jiwe yumo.

Nilimpelekea Wendell karatasi. Aliisoma amesimama, kisha akakaa, akaisoma tena.

"Delphine, mchonga mawe tulishampa orodha Ijumaa," alisema.

"Hajaanza kuchonga, Bwana Wendell. Nimempigia simu."

"Umempigia simu!" Akacheka kidogo. "Wewe posta ilipata hasara ulipostaafu."

"Sharti ni karatasi ya serikali. Hiyo hapo."

"Naiona. Sina ubishi na Primus. Lakini kamati ikiiona hii, wataisoma yote."

"Si ndiyo maana ya kusoma?"

Alivua miwani akajifuta macho. Sikumhurumia. "Bibi yangu ndiye aliyeandika kadi ya maelezo chini ya picha ya Kanali. Aliwauliza wazee, wote wakamwambia Kanali Tandy. Angejuaje?"

"Angefungua daftari. Alikuwa kanali wa kitu gani? Wa kuku? Nionyeshe kikosi chake, Bwana Wendell, chochote, hata cha wapiga ngoma."

"Usinidhihaki ofisini kwangu."

"Aliyedhihakiwa ni Keziah. Soma ukurasa ulioambatishwa nyuma."

Aliusoma. Uso wake mwekundu ukazidi kuwa mwekundu. Nikadhani amelegea. Ndipo akaniuliza, kwa upole kabisa, "Bi Ozella anaendeleaje?"

Nilijua papo hapo anaelekea wapi, na nilimchukia kwa kujua pa kubonyeza.

"Anakwenda," nikasema.

"Sikiliza basi. Orodha imefungwa, kuifungua kunataka sahihi yangu. Naweza kuifungua leo. Nitaiambia kamati nimeiona karatasi ya Primus kwa macho yangu na inatosha. Wataniamini. Wewe rudi nayo nyumbani, ikae huko."

"Na Lucian?"

"Lucian abaki alipo."

"Na nisipokubali?"

"Basi tuiite kamati, tubishane. Miezi minne, mitano. Watakaribisha mawakili, unawajua binamu zangu. Mwisho pengine utashinda." Akanitazama. "Bi Ozella anayo miezi mitano?"

Hakuwa nayo. Nilifikiria kumtupia kichwani chupa ya gundi iliyokuwa mezani. Nilifikiria kwenda gazetini. Kisha nikamfikiria shangazi, ambaye kila asubuhi aliniuliza kabla sijamvua soksi za kulalia, "Wamesemaje watu wa jiwe?"

"Nataka neno lako tu, Delphine," alisema Wendell. "Neno lako linanitosha."

Nikampa. Nikakunja karatasi, nikaitia mkobani, nikamwacha anaandika jina la Primus kwa mkono wake.

Jiwe lilifunuliwa mwezi wa sita. Nilimsukuma shangazi kwa kiti cha magurudumu, amevaa kofia ya zambarau ya kanisani na glavu, ingawa jua lilikuwa kali. Bendi ya shule ilipiga, mchungaji aliomba dua ndefu kuliko ilivyohitajika, kisha watu wakaruhusiwa kusogea. Shangazi alivua glavu. Akapapasa herufi moja moja.

"Primus," alisema. "Primus Tandy. Baba angeliona hili!" Akalia, na mimi nikalia, nikaona labda nimefanya sawa.

Kisha kidole chake kikapanda mstari mmoja.

"Na huyu Lucian? Kanali? Ndiye aliyekuwa bwana wake?"

"Ndiye, shangazi."

"Naye alikwenda?"

Wendell alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwetu, ameshika kofia. Alinitazama.

"Ndiyo, shangazi," nikasema. "Alikwenda."

Shangazi alishusha pumzi, uso wote ukalainika. "Maisha yangu yote nimemwazia Primus anakufa kule peke yake, mtoto wa watu, hana hata mmoja anayemjua. Kumbe alikuwa na mtu wa kwao." Akalipapasa jina la Lucian, taratibu, kwa mkono uleule. "Na pengine ndiye aliyemfumba macho. Mungu amlipe, hata kama alikuwa bwana."

Nilivuta kiti nyuma kidogo, tuondoke.

"Yule si Bwana Wendell?" akauliza. "Ametufanyia jambo kubwa, na wewe umesimama tu kama hukufundishwa adabu. Nenda kamshukuru."

"Shangazi..."

"Delphine. Nenda."

Nikaenda, nikampa mkono, nikamshukuru.