Mahali pa Kurukia

Eivaz alilinda ngome ya kale ya Alamut miaka kumi na tisa, na miaka hiyo ilimfunza kwamba wageni hawapandi ngazi zote zile ili wasikie ukweli. Hapo mwanzo alikuwa akiwaambia. Aliwaambia kwamba juu ya mwamba huu palikuwa na maktaba na visima vya maji vilivyochongwa kwenye jiwe, na kwamba jina lile baya wenyeji wa kale walipachikwa na maadui zao, waliowaita wavuta bangi ili kuwatukana tu. Tusi likaenda na wapiganaji wa msalaba mpaka Ulaya, na kule likageuka neno la muuaji anayenyemelea watu. Wageni waliitikia kwa vichwa huku wakitazama saa.

Kisha ukaja ule mchezo wa kompyuta. Mchezaji huchagua awe nani, askari wa farasi, au mchawi, au muuaji wa Alamut. Anayechagua muuaji hujirusha kutoka juu ya mnara, akaangukia lundo la nyasi, akajipangusa na kwenda zake. Vijana wakaanza kuja kutoka Tehran na Karaj, wamevaa makoti yenye kofia, wanauliza kabla hata ya salamu: "Ami, hapa ndipo kwa wale wauaji?"

Kwa hiyo Eivaz akaanza kuwasimulia kisa cha kijana aliyeruka. Bwana wa ngome, alisema, alitaka kumtisha mjumbe wa sultani, akamwashiria kijana mmoja kwa kidole, na yule kijana akajitupa bondeni bila kuuliza kwa nini. Eivaz alijua ni hadithi ya wasafiri ambao hawakuwahi kufika hapa. Lakini watu waliipenda. Siku moja msichana akamuuliza, "Aliruka wapi hasa?" naye bila kufikiri akaonyesha jiwe moja bapa lililochomoza upande wa kaskazini. Tangu siku hiyo mahali pakawepo.

Kamyar na mkewe Mahshid walifika Alhamisi moja, cheri zikiwa zimeiva bondeni na nusu ya kijiji iko juu ya miti ikizichuma. Kamyar alikuwa mfamasia, mnene kiasi, mwenye uso wa kucheka. Alifika getini anahema.

"Ami, umetuwekea ngazi ngapi? Nilikuwa najiuliza kwa nini wauaji kwenye picha ni wembamba. Kumbe ni ngazi!"

"Hizi tumekupunguzia," Eivaz akamjibu. "Tulikiona hicho kitambi tangu kule barabarani."

"Mwambie, Ami!" Mahshid akadakia. "Mimi nikimwambia, ananuna siku mbili."

Kamyar akaketi kwenye ukuta. "Msinicheke. Kwenye mchezo mimi ni mtu wa hapa, mwaka wa sita huu. Nina jambia, nina joho, wananiogopa mpaka Damascus."

"Huyu? Taa ikiungua nyumbani, anayepanda kwenye stuli ni mimi."

Eivaz alicheka mpaka akafuta macho. Halafu Kamyar akauliza kama ni kweli wale wauaji walikuwa wakivuta bangi, na Eivaz, kwa mazoea ya zamani, akamweleza habari ya lile tusi. Kamyar hakutazama saa. Aliuliza nani aliandika hivyo, na kwa nini, na wenyewe walijiitaje.

"Kwa hiyo miaka sita nimekuwa najitukana?"

"Hukujitukana wewe. Labda umewatukana babu zangu."

"Basi nisamehe, Ami. Nikirudi nyumbani nambadilishia jina yule muuaji wangu wa mchezoni."

Ilikuwa siku nyingi Eivaz hajapata mgeni wa namna hiyo. Kwa kumpenda tu, akamwongezea na kisa cha kijana aliyeruka. Alikisimulia kwa chumvi zake zote, na mwisho akanyoosha kidole kwenye lile jiwe bapa. Kwamba ni uongo, hakusema.

Alikuwa ameinama anamimina chai kutoka kwenye chupa alipomsikia Mahshid akisema, "Ngoja, ngoja, kamera bado sijaiwasha." Akainua kichwa. Kamyar alikuwa amesimama juu ya jiwe, kofia ya koti kichwani, mikono ameitandaza.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu. Hapo pana changarawe..."

Kamyar aligeuka amsikie. Kiatu kikateleza. Alisema "Aa," kama mtu aliyekumbuka kwamba amesahau ufunguo nyumbani, na pale aliposimama pakabaki patupu.

Hakufika bondeni. Alinaswa na ukingo mdogo wa mwamba, chini kiasi cha ghorofa nne, akalala hapo ubavu, na walimsikia akiita. Mahshid alitaka kushuka. Eivaz akamkamata koti, akamkabidhi kwa wageni wawili waliokuwa karibu, kisha akateremka mbio mpaka getini, maana juu simu haikushika. Waokoaji wakamwambia kwamba helikopta haiwezi kuruka kwa upepo ule. Wangekuja kwa gari na kupanda kwa miguu. Aliuliza watachukua muda gani. Wakasema watajitahidi.

Wanaume wa kijiji wakaacha miti ya cheri, wakapanda na kamba zao za kufungia makreti. Wakaziunganisha, Eivaz akajifunga kiunoni. Walimkataza, ana miaka sitini na moja, hakusikia la mtu. Aliteremka nusu. Pale mwamba ulikuwa umeoza, kila alipoweka mguu palimeguka, na mawe yakaporomoka kuelekea kule alikolala Kamyar. Akamsikia akipiga ukelele.

"Ami, usije! Mawe yananipiga! Usije, tafadhali!"

Wakamvuta juu. Akalala kifudifudi kwenye lile jiwe, kichwa nje, na kutoka hapo hakuwa na kitu kingine cha kufanya ila kuongea.

"Waokoaji wako njiani, mwanangu."

"Miguu yangu siisikii."

"Ipo. Mimi naiona."

"Mahshid yuko wapi?"

"Niko hapa!" Mahshid akapaza sauti. "Usilale, Kamyar! Unasikia? Ukilala nitakununia mimi!"

Muda ukapita. Eivaz alimuuliza habari za duka lake la dawa, za mama yake, za chakula anachokipenda. Majibu yalizidi kuwa mafupi. Mwishowe Kamyar akasema, "Niambie wewe kitu, Ami. Yule kijana aliyeruka... alikuwa na jina?"

Eivaz alifunga macho. "Hakuwapo, mwanangu. Nilikudanganya. Hakuna aliyeruka hapa, hata mmoja. Hili jiwe nililichagua mwenyewe."

Eivaz akajivuta mbele kidogo, aone kama bado anajongea. Halafu kutoka chini ikapanda sauti, nusu kicheko na nusu kikohozi.

"Lakini ulisimulia vizuri."

Hilo ndilo neno la mwisho alilomwambia. Waokoaji walifika jua likiwa limeingia nyuma ya milima, vijana watano wenye kamba za kweli, wakamfikia na kumpandisha juu. Alikuwa bado anapumua. Eivaz alishika pembe moja ya machela ngazi zote mpaka barabarani. Gari likaondoka na Mahshid ndani. Kamyar alikata roho kwenye kona za njia ya Qazvin, kabla ya kufika hospitali.

Mgeni mwingine alikuwa amepiga video kutoka mbali. Ndani yake anaonekana mtu mwenye kofia, ametandaza mikono, kisha hayupo. Kufikia Jumamosi ilikuwa imezagaa nchi nzima, na maneno juu yake yalisema ameruka kama wauaji wa kale. Eivaz aliwaambia polisi kwamba aliteleza, akamwambia na mwandishi mmoja aliyempigia simu.

"Lakini kofia alikuwa ameivaa?" mwandishi akauliza.

"Alikuwa ameivaa."

"Na huo mchezo alikuwa akiucheza?"

"Alikuwa akiucheza, lakini..."

"Ahsante, Ami, nimekuelewa."

Aliandika barua kwa ofisi ya mambo ya kale kuomba uzio, akajibiwa kwamba barua yake imepokelewa. Akafunga waya mwenyewe kuzunguka jiwe, watu wakawa wanainama na kupita chini yake ili wapige picha. Alipowazuia walimuuliza kama ndipo pale aliporuka yule mtu. Aliposema kwamba mtu aliteleza, tena alikuwa akigeuka kumsikia yeye, wakatazamana. Kijana mmoja akamgusa bega kwa upole, kama anayemliwaza mzee aliyechanganyikiwa.

"Hukuona vizuri, Ami. Sisi tunayo video."

Siku ya arobaini Mahshid alipiga simu. Eivaz alikuwa nyumbani, Golandam mkewe anatandika kitambaa cha chakula.

"Ami, mama yake ananiuliza kila siku. Aliruka au aliteleza?"

"Aliteleza, binti yangu. Kiatu kiliteleza. Nilimwita, akageuka, kiatu kikateleza."

"Mimi sikumwona. Nilikuwa nimeinamia simu, natafuta pa kubonyeza."

"Aliteleza."

"Mama mkwe hasemi na mimi. Anasema nilikuwa mkewe, ningejua kama alikuwa na jambo moyoni. Wapwa zake wameandika kwamba alikufa alivyotaka. Wanajivuna, Ami! Waambie basi. Wewe ulikuwapo."

"Ninawaambia. Kila anayepanda, ninamwambia."

"Na wanasemaje?"

Golandam aliweka mkate, akaweka jibini, akamtazama mumewe usoni, akatoka nje taratibu. Eivaz aliibadilisha simu sikio. "Wanasema sikuona vizuri, binti yangu. Wanasema wao wanayo video."