Kikopo Chenye Jina Langu

Mama yangu, Kabura, alinipigia simu Jumatatu jioni. Hakuuliza kama tutakuwepo. Alisema tu kwamba Jumapili ya wiki ijayo atakuja kwetu Huruma, hapa Eldoret, na shangazi yangu na mzee mmoja wa ukoo.

“Miaka minne inatosha, Wahome. Baba yako bado amesimama nje anangoja kuitwa ndani.”

Kwetu mvulana wa kwanza hupewa jina la babu yake, baba ya baba. Mpaka jina hilo liitwe tena nyumbani, marehemu baba yangu hajarudi. Miaka minne ya ndoa hatukuwa na mtoto, na nilijua wanakuja kusema nini. Walishampata msichana mwingine wa kunioza, na Ciru, mke wangu, walitaka arudi kwao.

Nyumba yetu ni chumba kimoja. Simu ikiongea, wote tunasikia. Ciru alikuwa anakunja nguo, na aliendelea kukunja.

“Mimi nimepimwa mara tatu,” alisema. “Damu, skeni, na ile picha ya kizazi iliyonifanya nitembee nimejipinda siku mbili. Kila mara naambiwa sina shida. Wewe umepimwa nini?”

Niliigeuza simu mkononi.

“Mkulima wa Soy akikuita, ng'ombe wake hawashiki mimba, unamuuliza swali gani la kwanza?”

Alinishika pabaya. Kazi yangu ni kupandisha ng'ombe. Nazunguka Soy na pikipiki, nyuma nimefunga mtungi wa baridi kali wenye mbegu za madume ya kizazi bora, na kila boma naitwa daktari. Swali langu la kwanza huwa moja: fahali wako amepimwa?

“Kesho naenda,” nilisema. “Na Jumapili nitawasomea majibu mwenyewe.”

Katika kliniki moja mjini nilimkuta mwanamke wa maabara aitwaye Jepchumba, mfupi, mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Alinipa kikopo cha plastiki, akaandika jina langu juu yake, akanihesabia masharti kwa vidole. Siku tatu nisikutane na mke wangu. Ninawe mikono. Nisimwage hata tone la kwanza.

“Tuna chumba hapa,” alisema. “Ukitaka kufanyia nyumbani, ulete ndani ya saa moja, umekiweka kwapani kipate joto la mwili.”

Nilikataa chumba. Kilikuwa hatua mbili tu kutoka kwenye benchi la wagonjwa. Mimi mtu ajulikanaye kutoka Soy mpaka Kesses niingie mle na kikopo, watu wakinihesabia dakika? Na hayo ya kwapani niliyasikiliza kama fundi anayefundishwa kushika nyundo. Miaka sita nimebeba mbegu. Mbegu ni baridi. Kila mtu wa kazi yangu anajua hivyo.

Ijumaa asubuhi nilijaza kikopo, nikakitia ndani ya thamosi iliyojaa barafu, nikaenda nacho mjini nikiwa na uhakika wote.

“Mbona ni baridi?” Jepchumba aliuliza alipokishika.

“Asubuhi ya Eldoret, dada. Nimekuja na pikipiki.”

Baada ya saa moja na nusu aliniita dirishani. “Hakuna hata moja inayosogea. Na hii si baridi ya pikipiki. Uliweka wapi?”

“Kwa barafu,” nilisema. “Mimi ni mtu wa ng'ombe. Mbegu za madume tunazigandisha.”

“Hizo zimechanganywa na dawa ya kuzilinda kabla ya kugandishwa. Wewe ulichanganya zako na nini?”

Mzee mmoja kwenye benchi alikohoa kwa nguvu ili asicheke. Masikio yangu yaliwaka moto. Lakini Jepchumba hakuwa amemaliza, na kwa mara ya kwanza alishusha sauti.

“Barafu inaua, lakini haipunguzi hesabu. Hata hizo zilizokufa nimezihesabu. Ni chache, Wahome. Chache sana. Rudi Jumatano, ufanyie hapa hapa, tupate jibu la kweli.”

Sikuweza kwenda nyumbani na maneno hayo. Nilikwenda kwa binamu yangu Mburu, anayeuza spea za pikipiki karibu na steji. Ana watoto wanne, na wa tano yuko njiani. Nilimweleza yote. Hakucheka. Alipangusa mikono yenye grisi, akaniegemea.

“Sasa sikia, braza. Jumatano tunaenda wote. Wewe unaingia chumbani, mimi naingia choo. Tukitoka, kikopo chako kina mzigo wangu. Hawa wangu wanaogelea kama samaki wa Turkana! Karatasi inatoka safi, ina jina lako, mama yako anatulia.”

“Na Ciru?”

“Ciru amefanya nini?”

“Karatasi yangu ikitoka safi, Ciru anakuwa nini?”

Mburu alikuna kidevu. “Kwani sasa hivi ni nini? Si watu washasema?”

Sitadanganya. Nililipima neno lake. Niliiona hiyo karatasi safi, nikamwona mama akiikunja na kuitia kwenye Biblia yake, nikajiona napita Huruma kifua mbele. Halafu nikamwona Ciru akifunga nguo zake ndani ya shuka, mwanamke mzima asiye na kosa, na sahihi ya kumfukuza ni yangu. Hasira ilinipanda, lakini si kwa Mburu; ilikuwa kwangu mwenyewe.

“Kikopo chenye jina langu kitakuwa na mbegu zangu,” nilisema. “Kama ni mbili, ziandikwe mbili.”

“Utajivua nguo mbele ya ukoo, wewe!”

“Nitavua.”

Jumatano niliingia kile chumba. Nilipita mbele ya benchi nimeshika kikopo mkononi, sikukificha mfukoni, na nilipotoka nilimkabidhi Jepchumba kikiwa bado na joto. Majibu yalitoka kabla ya saa sita. Mbegu milioni mbili kwa mililita, wakati kiwango cha chini kabisa kinachotarajiwa ni kumi na sita. Zinazosogea mbele vizuri, moja katika kila kumi.

“Hizi zilikuja hai, kwa hiyo naziamini,” Jepchumba alisema. “Sasa tunatafuta sababu. Leo nakutoa damu tupime homoni. Jumatatu daktari akukague.”

Nilinyoosha mkono kabla hajaomba.

Jioni nilimpa Ciru karatasi. Aliisoma mara mbili, akakaa kitandani, akaishika kwa mikono yote miwili. Nilingoja aniambie maneno ya miaka minne.

“Umekula?” aliuliza.

“Bado.”

“Jumapili watasema nimekulazimisha.”

“Waseme. Mimi ndiye nitakayesoma.”

Jumapili walikuja baada ya kanisa. Ciru aliwapa chai. Mzee wa ukoo, Mzee Ng'ang'a, alisafisha koo, lakini nilisimama kabla hajaanza, nikafungua karatasi, nikasoma: tarehe, jina langu, hesabu yote.

“Kunja hiyo, kijana!” Mzee Ng'ang'a alisema. “Mambo ya mwanaume hayasomwi mbele ya wanawake.”

“Ya Ciru yamesomwa mbele ya kila mtu, Mzee. Mpaka kanisani ameombewa kwa jina.”

“Hospitali ni watu wa pesa,” Mama alisema. “Ukoo huu haujawahi kuwa na mwanaume wa namna hiyo.”

“Sasa unaye, Mama, na ulimzaa wewe. Huyo msichana mliyempata, mkimleta, mtamleta kwa mwanaume huyu huyu. Baada ya miaka minne mtakuja kumfukuza na yeye?”

Shangazi aliweka kikombe chini, akasema polepole, “Hapo amesema kweli, Kabura.”

Mama alijifunga leso, akainuka. Ciru alichukua mkoba wa Mama amsindikize, kama anavyofanya kila mara. Mama hakumwangalia. Lakini hakumnyang'anya mkoba, na walitembea hivyo mpaka barabarani. Habari za kumrudisha Ciru kwao hakuna aliyezitaja.

Jumatatu Ciru alikuja nami kliniki. Daktari aliniambia nisimame, nishushe suruali, nivute pumzi na kusukuma kama ninayenyanyua gunia. Nilisukuma. Alipapasa korodani upande wa kushoto kwa muda mrefu.

“Kuna mishipa imevimba hapa,” alisema. “Pengine ndiyo sababu, pengine siyo. Inatibika, lakini siwezi kukuahidi mtoto. Kwanza skeni.”

“Lini?”

“Foleni ya leo imejaa. Labda Alhamisi.”

“Akikosa kuja mtu mmoja?”

Aliniangalia juu ya miwani. “Basi utaingia wewe.”

Nilifunga mshipi, nikatoka kumwambia Ciru kwamba tunangoja.