Ufunguo wa Jikoni

Siku Dada Mkubwa alipoondoka, mtu wa kwanza kubisha hodi kwa mdogo wake alikuwa mteja aliyefuata sketi.

"Nimepita pale kwa fundi cherehani nimekuta watu wamejaa," alisema yule mama huku akihema. "Kuna nini? Aliniambia sketi yangu itakuwa tayari leo."

Kitinda alikuwa amesimama mlangoni na ndoo tupu mkononi. Mtaa mzima ulimwita hivyo kwa kuwa ndiye kitinda mimba wa mama yao. Alimtazama mteja, kisha akamjibu kama anayemwelekeza mtu duka.

"Sketi imeungua. Na mwenyewe pia."

Mteja akajiziba mdomo. Kitinda akamkaribisha ndani, akamvutia kiti, akamuuliza kama atakunywa maji. Sauti yake ilikuwa imetulia kiasi kwamba hata yeye aliisikiliza kwa mshangao, kama sauti ya mtu anayesoma taarifa ya habari chumba cha pili.

Moto ulikuwa umeanzia jikoni kwa Dada Mkubwa, alasiri, jua bado kali. Nyuma ya friji kulikuwa na waya wa kuunganishia, ule wenye matundu mengi, na kila tundu lilikuwa na mgeni wake: friji, birika la umeme, chaja ya simu, na pasi ya kunyooshea nguo za wateja. Waya ule uliungua taratibu, halafu ukaacha upole, ukalipuka. Dada Mkubwa alikuwa chumba cha nyuma anashona. Cherehani ikishaanza kulia hasikii mtu, kwa hiyo alikuwa na desturi ya kufunga mlango wa nondo kwa kufuli hata mchana.

Na ufunguo ulikuwa jikoni.

Hilo halikuwa lake peke yake. Miezi michache nyuma, mwizi alipitisha mti mrefu wenye ndoana kwenye dirisha la nyumba moja ya mtaani, akavua ufunguo ukutani sebuleni kama mtu anayevua samaki, akafungua mlango kwa adabu zote, akaondoka na televisheni. Tangu hapo mtaa mzima ulihamishia funguo jikoni, maana dirisha la jikoni ni dogo na liko juu. Dada Mkubwa ndiye aliyeusifia mpango huo kuliko wote. "Mwizi akinifikia jikoni kwangu," alisema, "nitampa na sahani, ale kabisa."

Siku ya moto Dada Mkubwa alifika mlangoni. Majirani walimwona, walimshika mkono kupitia nondo. Jikoni hakukuwa tena mahali pa kuingia mtu. Jirani wa mbele, mlinzi mstaafu anayeitwa Kamanda, alikuja na nyundo kubwa akalipiga kufuli mpaka mikono ikachubuka. Fundi aliyechomelea mlango ule alikuwa amefanya kazi nzuri. Lilipoachia, moshi ulikuwa umeshamaliza kazi yake.

"Lile kufuli tulikwenda wote kulinunua," Kamanda alimwambia Kitinda msibani. "Mimi ndiye niliyemwambia chukua hili, halivunjiki."

Kitinda akaitikia kwa kichwa.

Watu walikuja, wakakaa, wakasema ajali haina kinga, wakaondoka. Mama yao alilia mpaka sauti ikakauka. Kitinda aliosha vyombo. Shangazi mmoja alinong'ona kwa sauti ya kusikika, "Huyu mbona mkavu hivi? Ndugu yake wa damu!" Mama akamkata: "Muache mwanangu. Kila mtu na chombo chake cha kulilia." Kitinda aliyasikia yote mawili, akaendelea kusuuza vikombe. Aliporudi kazini kwa dobi, alipiga pasi mashuka ya hoteli kama siku zote, kona juu ya kona. Kilichobadilika ni kwamba alichomoa pasi ukutani kila alipoinua macho, mpaka wenzake wakamwomba basi.

Wiki iliyofuata alikuja bwana wa zimamoto kuwafundisha. Alisimama kwenye kivuli cha turubai lile lile la msiba, akasema waya mmoja usibebeshwe mizigo ya waya watatu, waya usipitishwe chini ya zulia, gesi ifungwe kwenye mtungi na si kwenye jiko tu. Mwishoni akasema, "Mkirudi nyumbani, kila mmoja alale kitandani kwake, afumbe macho, kisha atoke nje. Mkishajaribu, mtajua mna nyumba au mna mtego."

Kitinda alijaribu na binti yake mdogo, wa miaka mitano. Mtoto alifumba macho akicheka, akapapasa ukuta, akafika mlangoni, akashika nondo. Hapo akasimama.

"Mama, ufunguo uko juu kule jikoni. Mimi siufikii."

"Ndiyo," Kitinda alisema. "Huufikii."

Jioni hiyo alimwambia mumewe, dereva wa lori, kwamba ufunguo uhamishwe mlangoni kabla hajaanza safari. Dereva alikuwa anakula.

"Mke wangu, moto ni bahati mbaya. Mwizi ni kila siku. Mimi nikiwa barabarani wiki nzima, nilale kwenye lori nikiwaza nani anavua ufunguo wangu?"

"Mwenzako akinyolewa..."

"Zangu zimeshatiwa maji. Nimenunua waya mpya, nimechomoa birika. Unataka nini tena?"

Siku hizo maneno yalimchosha Kitinda kama kupanda ngazi. Lakini alimtazama mtoto amelala sakafuni na midoli yake, hatua chache kutoka mlango wa nondo, akajua kwamba Dereva hataondoka na jambo hili likiwa hivi.

Siku ya safari, baada ya chakula cha mchana, Dereva alitupia begi begani, akamkuta mkewe amekaa kwenye kigoda katikati ya mlango wa jikoni, mikono magotini.

"Nipishe nichukue ufunguo."

"Hupiti."

"Lori linanisubiri, mama watoto."

"Jikoni hupiti. Mimi ndiyo moto."

Dereva akacheka. "Haya, moto, sogea kidogo."

Hakusogea. Dereva akajaribu kumruka, akamsukuma kwa goti, akamtania kwamba moto gani huu umevaa kandambili. Kitinda alimtazama tu. Alikuwa na uso ule ule aliokuwa nao tangu siku ya sketi.

"Toka nje," alisema. "Chukua mtoto utoke naye."

"Nitatokaje, na ufunguo uko nyuma yako?"

"Sijui. Na dada naye hakujua."

Dereva akageuka. Mtoto alikuwa ameshaufahamu mchezo: amesimama mlangoni, macho ameyafumba, ameshika nondo kwa mikono miwili, anangoja. Dereva akaacha kucheka. Akashusha begi. Alikaa sakafuni, mgongo ukutani.

"Tafuta nyundo ndogo," alisema hatimaye. "Na msumari."

Alipigilia msumari ubavuni mwa mlango, nyuma ya nguzo ya fremu, mahali ambapo hakuna dirisha linalopaona, chini kabisa kwa mtu mzima. Akaning'iniza ufunguo hapo, kisha akafunga waya kwenye mpini wa fagio, akaukunja ncha, akatoka nje, akaanza kujivulia ufunguo wake mwenyewe kupitia dirishani. Mtoto alimwelekeza kutoka ndani: "Kushoto, baba! Umeshika pazia!"

Kamanda alimwona kutoka ng'ambo. "Jirani! Kazi hiyo umeianza lini?"

"Leo, mzee. Na naona sitaajiriwa."

Alijaribu madirisha yote, hata nondo za mlango, jasho likamtoka, hakuupata. Kamanda alivuka barabara, akaingia, akautazama ule msumari. Akaomba aazimwe nyundo.

Dereva aliondoka kwa kuchelewa, akatukanwa na bosi wake kwenye simu mbele ya wote.

Ufunguo sasa unaning'inia ubavuni mwa mlango, kwenye kimo cha kifua cha mtoto wa miaka mitano. Kila jioni mtoto hutoka kitandani macho kafumba, hupapasa ukuta, hufungua, hutoka, hurudi, hufunga. Kitinda hukaa kwenye kigoda mpaka asikie kufuli limebana.