Fimbo Mbili za Mzee Hhando

Baba yangu, Mzee Hhando, ni mbishi, na mimi sina subira. Watalii nawafundisha kutumia fimbo za kupandia mlima kwa dakika kumi. Yeye alinimalizia asubuhi nzima.

Alitoka Gendabi na goti lake bovu, akitaka nimpandishe kwenye miteremko ya juu ya Jorodom, ulikopita udongo mlima ulipoporomoka mwaka 2023. Alfajiri ile mdogo wangu Yona alikuwa amepanda kumtafuta mtamba aliyepotea. Baba ndiye aliyemtuma. Wengine waliofukiwa na tope walipatikana, wakazikwa. Yona hakupatikana.

"Shikamoo baba. Kwa goti hilo utapanda na fimbo mbili."

"Marahaba. Fimbo mbili ni za kiwete, Frida. Mimi nina yangu moja."

Nilimbembeleza mpaka akazishika. Nikamweleza: kwenye kupanda zifupishe, mguu wa kushoto uende na fimbo ya kulia, usichome mbali mbele yako, egemea kidogo tu. Aliitikia kila neno, kisha akafanya kinyume. Alizirefusha mpaka alama ya mwisho. Akang'oa na vile visahani vya plastiki vya chini, vinavyozuia fimbo isizame, akavitia mfukoni.

"Baba, utavunjika shingo!"

"Twende."

Njia nzima nilimgombeza. Kwenye mawe alitembea vizuri, lakini kila tulipofika penye udongo laini alisimama, akaikandamiza fimbo kwa uzito wake wote, akaizungusha, akaichomoa, akaitazama ncha. Hatua mbili, tena. Nilidhani ni ile tabia ya wachungaji ya kupima tope kabla ya kuvusha ng'ombe. Fimbo moja ikapinda. Nikamfokea kwamba zile ni fimbo zangu za kazi, kwamba nimechoka na ubishi wake, na mengine ambayo mtoto hamwambii baba yake.

Hakukasirika. Alifuta tope kwenye ncha kwa kidole gumba, akakiangalia kidole.

"Natafuta nguo," alisema. "Ndama akizama kwenye tope, fimbo ikimgusa unajua. Si jiwe, si mzizi. Mkono unajua."

Nilikaa chini pale pale. Niliona aibu hata nikashindwa kumtazama usoni. Miaka yote hii nimepita hapa na wageni wangu, na kusema kweli nilikuwa nimeshaacha kumtafuta Yona. Baba hakuwa ameacha.

Ukungu ulianza kushuka. Nilimwambia turudi, njia itateleza.

"Mimi nguvu zimeisha," akasema, akininyooshea fimbo iliyobaki nzima. "Pale bondeni bado. Choma wewe, mwanangu."

Nilishuka bondeni nikachoma. Fimbo ilizama polepole mpaka kwenye mshikio, baba akinitazama mkono, na muda wote huo nilikuwa namwomba Mungu nisiguse kitu.