Nilipomsubiri Mjomba Kijitoni

Mjomba wangu ni fundi saa, na huvua kama anavyofungua saa ya mteja: polepole, pumzi kaibana. Fimbo yake ni nyepesi, unaweza kuisahau mkononi, na mshipi ni mwembamba kama unywele. Trauti, samaki wa vijito vya baridi vya mlimani, ni mwoga mno. Jiwe likigongana na jiwe tu, keshatoweka. Ndiyo maana tuna mwiko wetu. Ukimkuta mwenzako kachutama kwenye dimbwi lake, humwiti wala humkaribii. Unakaa, unasubiri mpaka ainue mkono. Nikiwa na miaka tisa nilipiga chafya akimnyemelea samaki, akaninunia siku mbili.

Asubuhi ile tuligawana kama kawaida, yeye dimbwi la juu, mimi la chini. Nilipopanda kumfuata nilimkuta kachutama ubavuni mwa jabali, maji kifuani, kofia imemshukia kwenye nyusi, fimbo kwapani.

"Leo mzee kapata lijisamaki," nikajisemea. Nikakaa juu ya jiwe, nikamenya chungwa.

Nilikuwa pande la tatu trauti mkubwa aliporuka shibiri moja tu kutoka usoni pake. Maji yakamrukia. Mjomba hakugeuza hata kichwa.

Huyu ni mtu aliyechelewa harusi ya binti yake kwa ajili ya samaki wa kiganja.

"Mjomba!"



Niliingia majini na nguo zangu. Baridi ilinikata pumzi. Midomo yake ilikuwa ya kijivu na mikono imelikumbatia jabali. Mguu mmoja ulikuwa umebanwa kati ya mawe mawili huko chini. Nikauvuta, haukutoka. Nikauvuta tena, akagumia, na mimi nikaanza kulia. Barabara ilikuwa mwendo wa saa mbili. Nilijiona nikimweleza mama jinsi kaka yake alivyokufa huku mimi nakula chungwa.

Nilikuwa na kimkasi cha kukatia mshipi tu. Nikazipapasa kamba za kiatu chini ya maji, nikazikata uzi mmoja mmoja, vidole vimekufa ganzi, nikiogopa kukidondosha. Ya mwisho ilipokatika mguu ukachomoka, kiatu kikabaki.

Nilimburuta hadi juani, nikamvua shati, nikamfunika koti langu lililobaki kavu kwenye jiwe na kumsugua mgongo mpaka meno yake yakaanza kugongana. Ilichukua muda mrefu.

"Ulikwama saa ngapi?"

"Muda tu. Kabla hujaja."

"Sasa mbona hukuniita, Mjomba?"

"Sauti iligoma. Na ningeachia jiwe, maji yangenilaza." Akavuta koti shingoni. "Nilikuona unakuja, nikasema nimepona. Halafu nikakuona unakaa, unatoa chungwa."

Akanishika mkono, akaubana mpaka ukauma.

"Hapo ndipo nilipoogopa, mwanangu. Nilijua utasubiri."