Kipimo cha Sabuni

Mimi ni fundi cherehani, sipimi kitu kwa macho. Kwa hiyo Bwana Pini, mwenye duka la vyuma vya magari, aliponiuliza kikombe cha trela yangu kina ukubwa gani, sikubabaika. Nilifungua mkoba nikamwekea mezani kipande cha sabuni ya kufulia.

"Mama, hapa hatufui," akasema.

"Na mimi sikuja kufua. Hicho ndicho kipimo."

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, akageukia ukutani kucheka. Pikapu ni yake na safari ni yangu, na tangu asubuhi alikuwa ananitania kwamba nanunua vyuma kama nanunua vitambaa, kila kimoja nakipapasa mara mbili. Acha acheke. Nilikuwa nimeshachagua chuma cha kufungwa kwenye chesi chini ya bampa, minyororo miwili ya tahadhari na soketi ya taa. Kilichobaki ni gololi, ile ya chuma, nene kama ngumi, inayokaa nyuma ya pikapu. Kikombe kilicho kwenye shingo ya trela huifunika, kikajifunga, ndipo gari likavuta. Dukani zilikuwepo ndogo na kubwa, na kwa macho ungedhani ni pacha.

Kikombe kimeangalia chini, na futi yangu ya kushonea haiingii humo. Basi nililoweka sabuni mpaka ikalainika, nikaisukumiza ndani kwa chini, nikaitoa taratibu. Nani mwingine angewaza hivyo? Mume wangu angewaza. Trela ile aliiunda yeye kwa mikono yake. Watu walimwita Nusu, kwa sababu mashine ya kukatia vyuma ilimla nusu ya kidole cha kati. Aliiunda ili tubebe cherehani zangu na meza ya kukatia, twende tukaishi na binti yetu mbali huko. Kila kitu kilikuwa tayari. Alilazwa hospitali wiki ileile ya kuondoka, na hakurudi.

Trela ikabaki nyuma ya nyumba, majani yakaiotea mpaka kwenye magurudumu. Sasa binti amejifungua, anapiga simu kila siku: "Mama, njoo, chumba kipo, wateja wapo, mjukuu wako anakua hujamwona." Nami nataka kwenda, jamani, nataka mpaka nalala nimekumbatia simu. Lakini lori la kukodi silitaki. Nataka kufika na trela ya Nusu, kama alivyosema tutafika.

Bwana Pini aliizungusha sabuni, akaijaribu kwenye tundu za kipimo chake. "Gololi ndogo," akasema. Halafu akaisogeza dirishani. "Hebu ngoja. Hii mistari ni ya nini? Kikombe kizima hakina mistari."

Nikaichukua nitazame. Juu ya sabuni kulikuwa na matuta matatu yamelala pamoja. Mawili marefu, la katikati limekatikia njiani.

Nilikaa juu ya rundo la minyororo ya watu.

"Shemeji, vipi?" Mdogo wa Nusu alikuwa ameacha kucheka.

"Vidole vya kaka yako hivi," nikasema.

Akatazama, akaguna, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

Tulikwenda nyumbani sote, Bwana Pini na vyuma vyake nyuma ya pikapu. Akajilaza chini ya shingo ya trela na tochi, akakaa huko kidogo. Kulikuwa na grisi, akasema, nene, iliyokauka ikawa ngumu kama nta. Mtu aliisukuma kwa vidole vitatu na kuiacha hivyohivyo. Ndiyo iliyodanganya sabuni yangu. Kikombe chenyewe kilikuwa cha gololi kubwa.

Grisi ile ilikuwa ya safari yetu. Nusu hakujua kupaka kitu kidogo. Siagi kwenye mkate, mafuta kichwani, vyote alivipaka kama anaziba ufa. Nilimgombeza kwa hilo maisha yetu yote, na sasa ningetoa cherehani zangu zote nimwone akimaliza kopo zima la siagi.

"Inabidi ikwanguliwe," akasema Bwana Pini.

"Haikwanguliwi. Funga ile ndogo."

"Ndogo itashika leo hapa uani, Mama. Kwenye tuta la kwanza barabarani itachomoka, na trela yenye cherehani za chuma itakwenda itakako. Mbele kuna watu, kuna watoto. Mimi gololi hiyo sikuuzii."

"Kwani duka ni lako peke yako mji huu?"

"Ndiyo," akasema, na kweli lilikuwa lake peke yake.

Nilimtukana kimoyomoyo. Nikamtukana na shemeji, na Nusu pia, aliyeniacha na trela nisiyoweza kuivuta bila kumfuta. Kisha nikatandika gunia, nikalala chali chini ya shingo ile na gauni langu zuri. Nikaingiza vidole vyangu vitatu kwenye mistari yake. Viliingia vizuri, ila cha kati changu kilikuwa kirefu, kikapita pale chake kilipoishia. Nimekukumbuka, nikamwambia. Nimekukumbuka mpaka naumwa.

Nikaikwangua mwenyewe. Sikumruhusu mtu.

Nikapaka grisi mpya kwa vidole vilevile, nikaongeza, nikaongeza tena. "Shemeji, inatosha," akasema mdogo wake, "unapaka kama yeye." Tukashusha kikombe juu ya gololi kubwa, kikalia ko! Bwana Pini akaweka jeki chini ya shingo ya trela akapandisha, maana ndivyo inavyojaribiwa: ikiwa imeshika kweli, matako ya pikapu nayo yanapanda. Yakapanda. Tulipakia cherehani, na meza ya kukatia tukaifunga kwa kamba.

Bwana Pini, mikono myeusi tii, akaona sabuni juu ya dashibodi, akanyoosha mkono.

"Usiiguse!" Kuku wa jirani waliruka. "Kanawe na mchanga!"

Nikapanda, nikaiviringisha sabuni kwenye kipande cha kitambaa, nikaipakata, kidole gumba kikiwa juu ya lile tuta fupi. Bwana Pini akabaki uani akinawa mchanga, shemeji akawasha gari.

"Endesha taratibu," nikamwambia. "Tuko watatu."