Hadubini Iliyokataa Kutulia

Mzee Agapiti alikwishabeba kila kitu duniani: mkonge wa Tanga, mataruma ya reli Tabora, majeneza, hata piano ya wamisionari. Lakini mzigo ulioshushwa pale chuoni Nachingwea ulimtia adabu. Ilikuwa hadubini kubwa ya elektroni, uzito wa ng'ombe wawili, na kutoka Nanganga lori lilikuja nayo kwa mwendo wa kinyonga. Aliiviringisha juu ya mabomba ya chuma mpaka ndani ya maabara, asikwaruze hata rangi ya mlango.

Siku ya nne, picha zake bado zilitetemeka.

"Dada Zuleha, umeme nimepima, hauna shida," alisema Geofrey, fundi aliyetoka Dar kuja kuifunga. "Isipotulia kufikia kesho jioni, wakubwa wamesema niifungashe tena kwenye kasha lake. Inakwenda tawi lingine."

Zuleha, msimamizi wa maabara, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Miaka sita alikuwa akiandika barua za kuiomba mashine hii.

"Inatetemeka saa zote?" Agapiti aliuliza kutoka mlangoni.

"Hapana, Babu. Asubuhi kama hivi, halafu alasiri."

Mzee akavua kandambili, akalala kifudifudi, shavu kwenye saruji.

Geofrey akacheka. "Mpeni mto huyo, kachoka."

"Hebu nyamaza, kijana."

Du. Du. Du. Chini kwa chini. Agapiti akahisi uso unamwaka. Nyuma ya maabara wajenzi walibakiza kibaraza cha saruji, kimeungana na msingi. Ni yeye, wiki iliyopita, aliyewashauri kina mama wenye shughuli ya unyago watwangie pale, unga usiingie mchanga.

"Ni mimi," alisema akiinuka. "Nimewaharibia mwenyewe." Akawaeleza, kisha akatoka nje.

Mwamina, mkubwa wa watwangaji, alimsikiliza mchi ukiwa hewani.

"Ala! Juzi hapa pazuri, leo hapafai? Wewe mzee una ndimi mbili kama kenge!"

"Nisamehe, mama. Twangieni kule kwenye mikorosho. Turubai nitaleta, na vinu nitabeba mimi."

"Vyote vitatu?"

"Vyote."

Akabeba kimoja kimoja, magoti yanalia, na kila safari wanawake wakampigia vigelegele: "Bwana harusi huyoo!"

Aliporudi ndani, kule mikoroshoni walikuwa wameshaanza tena kutwanga. Zuleha aliweka chembe ya kinywe, lile jiwe jeusi la Ruangwa, akasogea pembeni ili mzee aone.

Picha ilikuwa imetulia tuli. Kurasa juu ya kurasa, nyembamba, zimepangwa kama msahafu usiofunguliwa bado. Miaka mingapi alilikanyaga jiwe hilo akilaani kwamba linamchafua miguu! Agapiti akajikuta ameshika kofia yake mkononi.

"Yote haya yalikuwamo humo?" aliuliza.

"Yalikuwamo, Babu." Zuleha akamgeukia Geofrey. "Fundi, zile mbao za kasha wapelekee kina Mwamina. Wakapikie."